Igizo la LUKU na laki tatu iliyotaka kutuvunja

Daftari langu la kazi lina pande mbili. Ukilifungua kwa mbele unakuta vipimo vya wateja: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa mkono. Ukiligeuza ukaanzia nyuma unakuta hesabu za kikundi chetu cha maigizo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, Dar es Salaam, na kibaraza ninachoshonea ndiyo ofisi ya kikundi. Hatukukaa kikao kukichagua. Ni kwamba mtu akija saa yoyote ya mchana ananikuta.

Tuko kumi na mmoja na hakuna anayelipwa: mama lishe wawili, mpigadebe wa stendi, kijana wa bajaji, wanafunzi watatu wa chuo, muuza mitumba, binti wa kibanda cha miamala ya simu, mzee mmoja mpiga ngoma, na mimi. Wanaotaka kuanzisha kikundi kama chetu huniuliza tunatoa wapi pesa. Nawaambia hivi: tulipokuwa hatuna hata mia, tulikutana kila Jumamosi bila kukosa. Tulipopata laki tatu, tulikaa wiki tano hatusalimiani.

Lakini kabla ya hiyo laki tatu tulishakosea mara moja, tena kwa karatasi. Mwanafunzi mmoja alituandikia igizo la kurasa 22, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Tukachanga, tukatoa kopi. Sasa mama lishe anaamka saa kumi alfajiri kuwasha mkaa, analala saa nne usiku miguu imevimba. Atakariri saa ngapi? Muuza mitumba alikuwa anafuata mistari kwa kidole, na kila sentensi yake ilitoka kama tangazo la msiba. Tukalazimisha hivyo hivyo. Ikabaki wiki moja, dada aliyekuwa mhusika mkuu akapigiwa simu: amefiwa, anatakiwa Morogoro usiku ule ule. Msiba hauombewi ruhusa. Maneno yake hakuna mwingine aliyeyajua. Tukaahirisha, na zile kopi nikazitumia kukatia ruwaza za kola.

Aliyetutoa hapo ni yule mzee. Ujana wake alipiga ngoma katika kikundi cha utamaduni, miaka ile ya 1990 ambapo vikundi vya Muungano na TOT vilikuwa vinashindana kama Simba na Yanga, na onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, igizo na taarabu, vyote kwa kiingilio kimoja. Akatuangalia tunavyohangaika na makaratasi, akacheka. "Wanangu, sisi karatasi hatukuwa nayo. Tulikuwa tunaambiwa nani anamdai nani, nani anamficha nani nini, halafu tunapanda jukwaani."

Basi tukaacha kuandika. Tukaulizana: kitu gani kinagombanisha watu kwenye nyumba zetu? Hakuna aliyefikiri mara mbili. LUKU, umeme wa kununua kabla ya kuutumia.

Kama hujapanga Dar, nikueleze. Nyumba ina vyumba sita, kila chumba na familia yake, mita ni moja. Umeme mnachanga. Mmoja ana friji, mwingine ana taa moja tu na simu. Yule wa chumba cha mwisho anapiga pasi usiku wa manane ili asionekane. Kuna wa kukaa gizani siku tatu makusudi, akisubiri wenzake wachoke wanunue. Na mama mwenye nyumba, ambaye chumba chake nacho kinatumia mita hiyo hiyo, siku ya kuchanga huwa ameenda kwa dada yake. Kwa wiki mbili tulikuwa tunasimuliana tu ugomvi tulioushuhudia. Tukapata mwingi, mwingine hausemeki mbele ya watoto.

Mazoezi tulifanyia katika darasa la shule ya msingi, na kila Jumamosi tulipiga kura ya vijikaratasi kujua nani anacheza nini. Siku hiyo mpigadebe akiangukiwa na mjamzito wa chumba cha pili, anakuwa mjamzito. Yeye na sauti yake ya "Kariakoo, Kariakoo, wawili wa mwisho!" akalia uchungu wa kuzaa mpaka mlinzi wa shule akaja mbio na rungu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ila baada ya mwezi kila mtu alikuwa anaweza kucheza nafasi ya kila mtu, na asipokuja mmoja, mwingine anaingia bila kikao. Kama kuna kitu kimoja tulichokipatia, ni hiki. Mtu wa kujitolea ana mgonjwa, ana mwajiri, ana mume anayeuliza maswali. Huwezi kumkasirikia kwa kutokuja, na igizo haliwezi kusimama kwa sababu yake.

Ndipo laki tatu ikaja. Taasisi moja ilikuwa na shughuli ya usafi, ikataka igizo fupi la nusu saa kuhusu taka. Tukaenda, tukaigiza, wakafurahi, wakauliza pesa itumwe namba gani. Tukatoa ya kijana wa bajaji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na simu mkononi wakati ule. Jioni akatutangazia: wametuma laki mbili na elfu sitini na mbili.

Binti wa miamala akanitazama. Mimi nikatazama chini. Wote tulisikia tukiahidiwa laki tatu.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema taasisi imetudhulumu, wengine wakasema dada fundi kala na mtu wa taasisi, maana ndiye aliyekwenda kusaini. Juu ya hapo likaja suala la nauli. Wanafunzi wanatoka Chamazi, wakataka warudishiwe nauli ya miezi yote. Mama lishe mmoja, anayekaa hatua mia tatu kutoka shuleni, akauliza, "Mimi natembea kwa miguu, kwani miguu yangu haili?" Wa karibu wakataka tugawane sawa, wa mbali wakataka tugawane kwa umbali. Hapo ni watu ambao kwa mwaka mzima walikuwa wanakuja bila kudai hata maji ya kunywa. Jumamosi ya kwanza tukawa sita, ya pili wanne. Ya tatu nikakaa darasani na mzee, tukapiga stori za zamani, tukafunga mlango.

Wiki ya tano kijana wa bajaji akaja kibarazani na suruali. Nikaigeuza, nikaikagua: haijachanika popote. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akachezea kipande cha uzi kwa muda mrefu. Nikaendelea kushona, maana ukimtazama mtu wa namna hiyo anaondoka. Mwishowe akasema, "Dada, ile hela ilikuja yote. Nilikuwa na deni la mkopo wa simu. Ilipoingia tu ikakatwa elfu thelathini na nane, papo hapo. Nikaona aibu."

Kwa kweli nilihisi hasira na nafuu kwa pamoja. Ningeweza kumwambia arudishe tuyamalize kimya kimya, na mpaka leo kuna wanaoniambia ningefanya hivyo. Nilikataa, kwa kuwa jina langu nalo lilikuwa linazungushwa mtaani. Nikamwambia Jumamosi aje aseme mwenyewe, mimi nitakaa karibu yake.

Akasema. Mpigadebe alitaka kufoka, mzee akamnyooshea mkono: mwache amalize. Tukakubaliana atarudisha elfu mbili kila Jumamosi. Zipo kwenye daftari, mistari 19, mmoja nimeuandika kwa penseli kwa sababu siku hiyo kalamu ilikauka.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Kabla ya zoezi lolote, daftari linasomwa kwa sauti, kila kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni shilingi mia tano ya chaki. Anayesoma si mimi; tunapokezana, na muuza mitumba naye husoma, kwa kidole chake, taratibu, na hakuna anayemharakisha. Pesa inakaa kwenye laini ya kikundi: laini anayo mama lishe, namba ya siri anayo binti wa miamala, na hawa wawili hawapendani sana, jambo ambalo kwa hapa limetufaa. Nauli inatolewa kwanza kabla ya kitu kingine, kwa umbali halisi, kwenda na kurudi. Wa karibu hawapati nauli ila chai na chapati mbili ni zao. Yule mama wa hatua mia tatu aliridhika na chapati haraka kuliko nilivyotegemea.

Na ile kauli yake ya miguu hatukuiacha ipotee. Siku hizi mpangaji wa chumba cha nne, asiye na friji, anasimama uani anauliza: "Mimi nalala giza, kwani macho yangu hayali?" Watu wanapiga makofi kila mara.

Vibali nitavipitia haraka, vinachosha hata kuvisimulia. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984, linataka kikundi kisajiliwe, na ili usajiliwe lazima uwe na katiba. Ya kwetu tulinakili kwa jirani. Afisa aliyeipitia akatuuliza mbona kifungu cha tisa kinasema kila mwanachama atahudumia banda kwa zamu. Ilikuwa katiba ya wafuga kuku. Zaidi ya hapo ni barua kwa mwenyekiti wa mtaa, na polisi wajue kuna mkusanyiko. Anza mapema, nenda na nakala, usiende saa saba mchana.

Onyesho la LUKU tulilifanya Jumapili moja ya mwezi wa sita, mvua za masika zimeshaisha, saa kumi jioni. Saa tuliipigia hesabu vizuri: mwezi huo jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, na tulitaka tuwe tumeshamaliza adhana ya magharibi ikilia. Mahali ni uwanja wa wazi, ukuta wa shule nyuma yetu. Ukuta unarudisha sauti kwa watu. Ukiigiza katikati ya uwanja upepo unakula maneno yako. Spika hatukukodi. Tulishajaribu zamani kwa maiki moja, ikawa kila mhusika anangoja kupokezwa, igizo likageuka mkutano wa hadhara.

Mzee alianza na ngoma, dakika ishirini nzima. Watoto wakaja kwanza, halafu mama zao kuwatafuta watoto, halafu bodaboda wa kona wakasogea na pikipiki zao. Kosa la wengi ni kuanza igizo watu wakiwa ishirini.

Mita yetu ilikuwa boksi la viatu lililobandikwa ukutani, nyuma yake mwanafunzi amejikunja na filimbi ya mtoto. Mpangaji mmoja anasoma tokeni kwenye simu, mwingine anabonyeza. Tarakimu ishirini. Tulipanga msomaji akosee karibu na mwisho, filimbi ilie vibaya, waanze upya. Mara ya pili alipoanza kusoma, watoto wa mbele wakawa wanarudia kila namba. Mara ya tatu uwanja mzima ulikuwa unasoma: tisa! sifuri! nne! Ilipofika ya ishirini filimbi ikalia vizuri, watu wakashangilia kama umeme umerudi kweli, na kaka mmoja wa bodaboda akawasha taa ya pikipiki yake.

Hatukuweka mwisho. Hili alilileta mwanafunzi anayesomea sanaa za maonyesho. Alitusimulia walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walivyofanya kazi Malya, mkoani Mwanza, miaka ya 1980, wakichimba matatizo pamoja na wanakijiji, wakiyaigiza, kisha wakiyajadili. Kwa hiyo wapangaji wakiwa wameshikana mashati, mpigadebe akatoka mbele akauliza: "Jamani, nani achange ngapi?" Nilidhani watanyamaza. Baba mmoja akasema kila chumba kiwekewe mita yake ndogo. Dada mmoja akamuuliza hizo mita atanunua nani, yeye? Mzee wa kofia akasema friji ihesabiwe kama watu wawili. Tulibishana hadi mwanga ukaanza kupungua, na ilibidi mwenyekiti wa mtaa anyanyuke kutukumbusha swala.

Kapu lilizunguka. Elfu arobaini na moja na mia tatu hamsini, pamoja na kifungo kimoja cha shati, ambacho nilikitambua kwa sababu nilikishona mimi.

Jumatatu asubuhi, kabla sijatia mafuta cherehani, mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha mtaa wa pili akasimama kibarazani na vitenge viwili kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, jana mmeniigiza mimi."

Nikaapa kwamba hapana, ni igizo tu, hatukumlenga mtu. Akaniambia nisiape asubuhi asubuhi. Yule mwanamke wa kwenda kwa dada yake kila siku ya kuchanga, na mtandio wa njano, ni yeye, mtaa mzima umemjua, na wapangaji wake tangu usiku wanaimba tarakimu ishirini kila akipita uani. Akaviweka vitenge juu ya cherehani. Anataka gauni na kilemba, Ijumaa viwe tayari, na bei atatoa nusu.

Nilimpima. Kifua, kiuno, hipsi, nikaandika mbele ya daftari. Halafu nikaligeuza, na kwenye hesabu za kikundi nikaongeza mstari mmoja: fidia ya mtandio wa njano, elfu kumi na mbili. Jumamosi ilipofika zamu ya kusoma ilikuwa ya kijana wa bajaji. Alipofika mstari huo akasimama, akausoma tena, akaniuliza hii nayo tunagawana kwa umbali?