Siku tuliyopitisha jeneza juu ya ukuta

Wengi wanaohamia huku kwetu Bagamoyo wanaamini ugomvi wa wenyeji na wakuja ni gere tu, kwamba tuliuza mashamba kwa bei ya kutupa, hela tukala zikaisha na sasa tunawachukia waliojenga. Gere ipo, sikatai. Ila mimi nina siku moja ya masika mwaka 2016 ambayo kila nikisikia maneno hayo inanijia, na ile siku haikuwa gere kabisa.

Kijiji chetu kiko kati ya Kerege na Zinga, upande wa baharini. Zamani mtu wa Dar akisema anakaa mbali ujue anakaa Tegeta. Barabara ikapanuliwa kutoka Mwenge mpaka Tegeta, watu wakasogea Bunju, Bunju ikajaa wakaingia Mapinga, alafu 2013 rais wa China akaja nchini, ukasainiwa ule mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo, na Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Hapo ndo madalali wakawa kama wamehamia kwetu, asubuhi wapo jioni wapo. Bandari yenyewe ilikuja kukwama lakini mashamba yalishaenda. Viwanja vilikuwa vinapimwa kwa miguu, 20 kwa 20, mtu anatembea katikati ya mikorosho aliyoachiwa na babu yake anahesabu hatua, dalali yuko nyuma anachomeka vijiti, wanaenda kusaini kwa mwenyekiti, kijiji kinachukua asilimia kumi yake, biashara imeisha. Njia za watu hazikuandikwa popote. Njia ya makaburini ilipita humohumo kwenye mikorosho tangu sijazaliwa na baba yangu hajazaliwa, kila mtu anaijua, sasa nani angekumbuka kuiandika?

Basi bibi yetu akafariki, dada yake babu, ndiye aliyenilea mimi mama yangu alipokuwa Tanga. Alikata roho usiku, tukakubaliana tuzike baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, ikakatika kidogo wakati wa kuswali, tukabeba jeneza tukatoka msikitini na dhikri, tunapokezana mabega maana njia inateleza. Tukaingia mikoroshoni, kona ya pili hivi, waliotangulia wakasimama na dhikri ikakatika.

Ukuta. Tofali za block, kozi sita, unafika kifuani, saruji bado mbichi na mvua imeichuruzisha mpaka chini, nguzo zimetoka nondo juu. Kabla ya mvua pale palikuwa na miti ya fensi tu na upenyo tukawa tunapita, kumbe fundi amepandisha hizo siku ambazo hakuna aliyekuwa na haja ya kwenda makaburini. Na njia bado unaiona, nyekundu, imekanyagwa mpaka imekuwa mfereji, inaenda inaingia chini ya tofali, ukichungulia unaiona inaendelea upande wa pili.

Kuzunguka maana yake urudi mpaka lami, ufuate barabara kuu na malori yake, uingilie upande wa kanisa, maghribi itakukuta njiani na maiti begani. Shehe akasema tuzunguke, subira. Vijana hawakutaka kusikia, wawili walishakimbilia nyundo na mtaimbo. Mlinzi akatoka kwenye kibanda, mtoto tu, wa kutoka Singida, ana panga mkononi na mkono unatetemeka, anasema jamani kaka zangu mimi nimeajiriwa tu, msiniharibie. Akampigia bosi wake akaweka lauspika.

Bosi hakutukana, niseme ukweli. Alisema, "Wazee wangu, hapo si njia, hapo ni kwangu, nimenunua kihalali na mhuri wa kijiji upo. Muulizeni aliyeniuzia."

Aliyemuuzia alikuwa baba mdogo wangu. Alikuwa pale pale, kashika mguu wa mbele wa jeneza la shangazi yake, bega la kulia limelowa. Watu wote wakamgeukia. Hakusema kitu, akabadilisha bega.

Bosi akauliza nani amefariki, akaambiwa. Kimya, alafu akasema pitisheni hapohapo juu ila naomba msivunje. Nusu yetu tukaruka upande wa pili, wenzetu wakainua mikono yote juu kabisa ili jeneza lipite nondo, tukalipokea kwa vidole kwanza kisha viganja. Shuka la kijani likanasa kwenye nondo. Nikapanda kwenye tofali kulinasua, likachanika kipande cha shibiri, na nilisikia hasira ambayo sijawahi kuisikia tena, hata sijui namuonea nani.

Baada ya arobaini kikakaa kikao. Yule bwana alikuja mwenyewe na karatasi zake, nikapewa nisome kwa sauti. Mipaka imeandikwa vizuri, kaskazini fulani, kusini fulani, mashariki mwembe. Njia haimo. Mashahidi wanne, wote wa kwetu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote kwamba wakuja wametudharau. Hapo niliumia sana. Lakini nikamwambia na yule bwana, kwa heshima zote, kwamba kaka wewe wakati unachomeka vijiti ulikuwa unatuona tunapita, ulisalimiwa mara ngapi pale, ungeuliza tu hawa watu wanakwenda wapi. Akasema kweli, sikuuliza.

Alikubali kuvunja upana wa jeneza na mtu mmoja kila upande, ila arudishiwe hela ya kipande kile. Baba mdogo hela hakuwa nayo, alishanunua bodaboda na bodaboda ilishakufa. Ikabidi ukoo tuchange, mpaka wajukuu wa Dar na Tanga walituma, tukainunua njia ya kwenda kwenye makaburi yetu wenyewe.

Safari hii tuliandika. Karatasi ina mhuri na saini za pande zote mbili, nakala moja ninayo mimi. Njia ya kwenda pwani bado haina karatasi, na kwa kule sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka baharini ziachwe, lakini ukienda leo utakuta ukuta umeshuka mpaka kwenye mikoko. Nimeshamwambia mwenyekiti wa sasa, kikao kijacho hiyo ajenda naibeba mimi.