Seremala aliyetangulizwa

Leo Mei Mosi, wakati wafanyakazi wakisubiri kusikia kama kuna nyongeza ya mshahara, mimi nimeshinda nikimfikiria Peter J. McGuire, seremala wa New York ambaye jina lake sijawahi kulisikia likitajwa jukwaani hapa Nairobi. Alizaliwa mwaka 1852 katika familia ya Waairishi, akajifunza useremala akiwa kijana, na mwaka 1881 maseremala waliokutana Chicago kuunda chama chao cha kitaifa wakamchagua kuwa katibu. Miezi michache kabla ya mkutano huo alikuwa ameanzisha gazeti la maseremala, jambo ninaloliona la busara kuliko hotuba zake zote, kwa kuwa lilimwezesha fundi wa mji mmoja kujua mwenzake wa mji mwingine analipwa ngapi.

Kinachonivutia zaidi ni mbinu ya mwaka 1890. AFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani ambalo McGuire alisaidia kuliunda mwaka 1886, lilikuwa likidai kazi ya saa nane kwa siku, lakini badala ya mafundi wa kila aina kugoma kwa pamoja, maseremala ndio waliotangulizwa, na vyama vingine vikawaunga mkono. Maelfu yao walipata saa nane. Wengine, ambao waajiri wao walikaza, wakaambulia tisa.

Anayeijua mijengo ya Nairobi hatauliza kwa nini seremala. Juzi huku Kasarani niliona vibarua wameketi juu ya mifuko ya simiti, kokoto imekwisha kushushwa, mwashi ananung'unika, kisa seremala hajamaliza kupigilia mbao za slabu. Yeye asipomaliza, hakuna kinachomwagwa. Marekani, ambako nyumba nyingi ni za mbao, nguvu hiyo bila shaka ilikuwa kubwa zaidi.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1901 alituhumiwa kutumia vibaya fedha za chama akasimamishwa, mwaka uliofuata akafukuzwa, na alipofariki mwaka 1906 huko Camden, New Jersey, alikuwa maskini. Simtetei, maana fedha za wanachama si za kuchezewa (waulize wanachama wa chama chochote cha akiba mtaani), lakini chama kilichomwachia mtu mmoja barua, gazeti na hesabu kwa takriban miaka 20 nacho kilipaswa kuulizwa maswali.