Kuku waliokula mayai yao: jinsi nilivyowaachisha

Kuku wetu walianza kula mayai yao wenyewe. Nikifungua banda nakuta majani ya kiota yamelowa ute, vipande vya ganda vimetapakaa, na mtetea mmoja kiini kimemgandia mdomoni. Mama mkwe akasema tumchinje. Mume wangu akasema tuombe. Tuliomba, maana fungu la kumi la nyumba hii hutoka kwenye mayai hayo. Ila baada ya amina nikaenda kukagua viota.

Ganda ndilo lilikuwa na shida: ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na kuku anayetaga huhitaji takriban gramu 4 za kalsiamu kwa siku. Pumba peke yake hazifiki hapo. Nikawawekea chokaa ya mifugo kwenye chombo chake, kila kuku ajilie apendavyo. Maganda ya jikoni nayo nayakausha na kuyasaga yawe unga kabisa, yasifanane tena na yai.

Viota nikavitundikia gunia mbele, giza likaingia. Yai lisiloonekana halidonolewi. Ndani nikaweka mayai ya mbao aliyochonga kijana wangu. Yule mtetea aliyadonoa weee, mpaka akachoka. Kuokota wamepewa watoto, mara kadhaa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi. Jumapili ndipo wanapogombana nani abaki nyuma wenzake wakitangulia ibadani.

Mtetea yupo, anataga. Mama mkwe humwita "mwizi aliyeokoka", lakini bado humkagua mdomo.