Daftari la Zamu na Kazi ya Kuendesha Jengo la Biashara

Jengo refu linapozinduliwa Dar es Salaam, mwenye jengo, mkandarasi na wahandisi washauri hupigwa picha, utepe hukatwa, hotuba husomwa, kisha kila mmoja huondoka kwenda kwenye mradi mwingine. Wanaobaki ni watu wa chumba cha mitambo, ambao kazi yao huanza siku hiyo na inaweza kuendelea kwa miaka 50 au zaidi iwapo jengo limejengwa vizuri. Mimi ni mmoja wao. Ninafanya kazi katika jengo la biashara lililo katikati ya jiji, lenye benki na maduka chini na ofisi katika ghorofa za juu, na ninaandika makala haya kwa sababu kazi yetu haielezwi sana kwa Kiswahili, na kwa sababu lipo jambo moja ninaloliamini kwa dhati: kwamba chombo kikuu cha mwendesha mitambo ya jengo ni daftari la zamu, yaani kitabu ambamo vipimo vya kila mtambo huandikwa kwa mkono kwa saa zilizopangwa, kisha husomwa na mtu anayeelewa maana yake.

Niseme kwanza kuhusu cheo, kwa kuwa wapangaji wengi hutuita sote wahandisi. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1997, mtu hafanyi kazi kwa jina la mhandisi mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Katika majengo mengi ya biashara yupo mhandisi mmoja aliyesajiliwa, na chini yake wapo mafundi sanifu na mafundi mchundo waliotoka vyuo vya VETA, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na kwingineko, ambao ndio wanaokesha. Heshima ya kazi hii haitoki kwenye cheo, kwani fundi mchundo anayejua sauti ya kila pampu katika jengo lake ana elimu ambayo mhandisi mgeni ataihitaji siku ya kwanza.

Sehemu kubwa ya umeme wa jengo la ofisi katika pwani yetu huliwa na ubaridi. Katika jengo kubwa, mtambo wa ubaridi, ambao sisi huuita chila, hupoza maji hadi kufikia nyuzi joto 7 hivi, pampu huyasukuma hadi kwenye mitambo ya hewa ya kila ghorofa, nayo hurudi yakiwa na nyuzi 12 hivi baada ya kubeba joto la watu, taa, kompyuta na jua la madirishani. Joto hilo hupelekwa juu ya paa kwenye mnara wa kupozea, ambako maji mengine hutiririshwa mbele ya feni na sehemu yake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Anayefikiri kwamba kazi ya chila ni kushusha joto tu hajafanya kazi hapa wakati wa kaskazi. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa hubeba unyevu mwingi wa bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya mtambo hutumika kukamua maji kutoka hewani kabla ya kuipoza hewa yenyewe. Unyevu huohuo huuzuia mnara wa paani kufanya kazi yake vizuri, kwa kuwa maji hayageuki mvuke kwa urahisi katika hewa iliyokwisha kushiba maji. Kwa hiyo mtambo hudhoofika katika miezi ileile ambayo jengo linauhitaji zaidi, na malalamiko ya wapangaji huja yote kwa pamoja.

Hapo ndipo mpangaji anapokishusha kidhibiti cha chumba chake hadi nyuzi 16, akiamini kwamba chumba kitapoa haraka zaidi. Hakipoi haraka zaidi. Valvu ya maji baridi ilikwisha kufunguka yote alipoweka 22, na kinachobadilika ni kwamba haitafunga tena, mpaka jioni tunawakuta watumishi wa ofisi ya Dar es Salaam wamevaa sweta huku ghorofa nyingine ikikosa maji baridi ya kutosha. Mimi hupendekeza nyuzi 24 na milango iliyofungwa, na nimeona kwamba mpangaji akielezwa sababu kwa utulivu, ana kwa ana, hukubali, wakati tangazo lililobandikwa kwenye lifti halisomwi na mtu.

Sasa nieleze kwa nini ninalithamini daftari. Katika ukurasa wa chila tunaandika presha za gesi ya kupozea inayozunguka ndani yake, joto la maji yanayoingia na yanayotoka, mkondo wa umeme wa kompresa, yaani mashine inayoibana gesi hiyo, na safu moja ambayo wageni huipuuza: tofauti kati ya joto ambalo gesi inageukia kuwa kimiminika ndani ya kondensa, yaani sehemu ya chila ambamo gesi hukabidhi joto lake kwa maji ya mnara, na joto la maji yanayotoka humo. Mtambo ukiwa safi, tofauti hiyo ni ndogo, nyuzi moja au mbili. Inapopanda polepole, wiki hii nusu nyuzi na wiki ijayo nusu nyingine, hakuna kengele italia na hakuna mpangaji atakayehisi lolote, lakini ndani ya mabomba ya kondensa chokaa inajijenga. Sababu yake ni kwamba maji ya mnara yanapogeuka mvuke huacha chumvi zake nyuma, na yale yaliyobaki huwa mazito zaidi kila saa. Katika majengo ya katikati ya jiji yanayotumia maji ya kisima tatizo huja mapema zaidi, kwa sababu maji ya ardhini karibu na bahari yetu mara nyingi yana chumvi. Kwa makadirio tunayoyatumia katika fani hii, kila nyuzi moja ya ziada katika joto la kondensa huiongezea kompresa matumizi ya umeme ya asilimia 2 hadi 3. Jengo ambalo halina safu hiyo katika daftari lake litalipa gharama hiyo kwa miezi mingi, na litaambiwa kuwa mtambo umezeeka, wakati kilichohitajika ni kumwaga sehemu ya maji mazito kwa ratiba, kuweka dawa kwa kipimo, na kufungua kondensa mara moja kwa mwaka ili mabomba yapigwe brashi.

Wapo wanaoniambia kwamba kompyuta ya kusimamia jengo huandika yote hayo yenyewe, na ni kweli inaandika. Siipingi hata kidogo, kwani huniwezesha kuona mwenendo wa mwezi mzima kwa mara moja. Hata hivyo, anayekwenda kuandika kipimo kwa mkono hulazimika kusimama mbele ya mashine, na akisimama pale atasikia beringi iliyoanza kukwaruza, ataona tone la mafuta chini ya kompresa na atanusa mkanda unaoungua. Hakuna kihisi kilichofungwa kwa ajili ya mambo hayo katika majengo mengi niliyoyaona.

Maji ya mnara yana hatari nyingine ambayo ninaichukulia kwa uzito zaidi kuliko chokaa. Bakteria aina ya Legionella hustawi katika maji ya uvuguvugu, yaani ya nyuzi 25 hadi 45 hivi, nayo humfikia mtu kupitia matone madogo sana yanayopeperushwa hewani. Jina lake lilitokana na mlipuko wa homa ya mapafu uliowapata wanachama wa chama cha maveterani, American Legion, waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Maji ya paa zetu hukaa katika joto hilo mwaka mzima bila kupashwa moto na mtu yeyote. Kwa hiyo fundi anayesafisha mnara anastahili kupewa barakoa inayofaa, na mwenye jengo anayekata bajeti ya dawa ya maji anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba anagusa afya za watu.

Kuhusu umeme, jengo letu hupokea kilovolti 11 kutoka TANESCO, na transfoma huzishusha hadi volti 400. Umeme ukikatika, jenereta hutarajiwa kuwaka na kupokea mzigo ndani ya sekunde kumi na kitu, na mara nyingi inaposhindwa sababu ni betri. Ndiyo maana volti za betri zina safu yake katika daftari. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba jenereta huumizwa na mzigo mdogo. Majengo mengi yalinunuliwa jenereta ya kubeba jengo lililojaa, kisha ghorofa kadhaa zikabaki bila wapangaji, na mashine ikawa inafanya kazi chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Injini ya namna hiyo haipati joto la kutosha kuunguza dizeli yote, na masalia yake hujikusanya kwenye bomba la moshi yakiwa meusi na yenye unyevu, mpaka nguvu inapungua. Dizeli yenyewe hunyonya unyevu wa hewa ya pwani ikiwa imekaa sana tangini, maji hutulia chini, na vijidudu huota pale maji yanapokutana na mafuta na kuziba chujio.

Wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 mambo haya yote yalijitokeza hadharani. Jenereta zilizozoea kuwashwa kwa majaribio mafupi ziliendeshwa saa nyingi kwa siku, na waliokuwa wakiandika saa za injini ndio waliojua siku ya kubadili oili, wakati wengine walikuwa wakikisia. Hali ilianza kupata nafuu mwaka 2024, baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye megawati 235, kuanza kuzalisha mwezi Februari.

Mwaka mmoja kabla ya mgawo huo wa umeme, Oktoba 2022, ilikuwa zamu ya maji. Kina cha Mto Ruvu kilishuka na jiji likaingia katika mgawo. Ninataja kipindi hicho kwa sababu kilileta shinikizo ambalo kila mwendesha jengo atakutana nalo: kuombwa afungue akiba ya maji ya zimamoto ili vyoo vifanye kazi. Msimamo wangu ni kwamba akiba hiyo haiguswi, hata aliyeomba akiwa ni mwenye jengo mwenyewe. Ni afadhali kupunguza saa za kufungua jengo kuliko kuwaruhusu mamia ya watu kupanda ghorofa ambazo bomba lake la zimamoto ni tupu.

Pampu za zimamoto kwa kawaida ni tatu. Ndogo hulinda presha ya bomba, kubwa ya umeme hupokea kazi moto ukitokea, na ya dizeli husimama nyuma ya zote mbili kwa kuwa moto mara nyingi hukata umeme. Zinapaswa kuwashwa kila wiki, na matokeo yaandikwe. Kasoro ninayoiogopa kuliko zote haina sauti wala harufu: swichi iliyohamishwa kutoka kwenye kujiwasha yenyewe wakati wa matengenezo na haikurudishwa, au valvu iliyofungwa na mtu aliyekwenda nyumbani. Kwa hiyo katika kila zamu fundi wetu huandika mahali swichi ilipo na hali ya kila valvu, ingawa ni jambo linalochosha.

Fundi anayeingia kwenye mota au kabati la umeme huweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu, akaning'iniza kibao chenye jina lake, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka amalize. Hata bosi hana ruhusa ya kulivunja. Hapa sina la kuongeza.

Linalonisikitisha katika fani hii ni namna mikataba inavyotolewa. Majengo mengi sasa hukabidhi uendeshaji kwa kampuni za nje kwa zabuni ya mwaka mmoja au miwili, na mwenye bei ya chini hushinda. Mafundi hubadilishwa wote kwa siku moja, wakiondoka na ujuzi wao, na mara nyingine hata madaftari huchukuliwa kana kwamba ni mali ya kampuni. Wanaoingia hukuta mashine zisizo na historia. Hawajui ni pampu ipi ilikwisha kusukwa upya mota yake, wala ni ghorofa gani bomba lilivuja. Ningependa kila mkataba useme kwamba kumbukumbu za mitambo ni mali ya jengo, na kwamba kampuni inayotoka itakaa na inayoingia walau kwa mwezi mmoja kabla ya makabidhiano.

Jambo hilo lina uzito zaidi wakati huu kwa sababu ya gesi za kupozea. Chila na viyoyozi vingi vya zamani vinatumia R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka hilo, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuiingiza ifikapo mwaka 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Gesi nyingi zilizochukua nafasi yake nazo zimewekewa ratiba ya kupunguzwa na Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, ya Oktoba 2016, kwa kuwa hupasha dunia joto. Mwenye jengo hawezi kufanya uamuzi wa mamilioni ya shilingi kwa maneno ya fundi peke yake. Sisi tulimpelekea kurasa za daftari zinazoonyesha kilo za gesi zilizoongezwa katika kila mashine mwaka hadi mwaka, pamoja na umeme uliotumika, akaona mwenyewe ni mashine ipi inavuja zaidi. Imekubalika kwamba hiyo ndiyo itakayotolewa kwanza, na katika masharti ya ununuzi tumeandika kwamba vipimo vya siku ya majaribio ya mashine mpya vikabidhiwe kwetu vyote kwa maandishi, ili ukurasa wa kwanza wa daftari lake uwe na namba za kulinganishia.