Ukifika Gede, anza na kisima

Wageni wengi wa Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili katika pwani ya Kenya, hupita moja kwa moja hadi kwenye jumba la sultani, wakapiga picha mlangoni, kisha wakarudi Malindi kula mchana. Jumba ni zuri, lakini mji huu huanza kueleweka ukiuanzia kwenye maji. Hapa hapana mto, na bahari iko mbali kidogo. Waswahili walioujenga tangu karne ya 12 hivi, wakaupanua sana katika karne ya 15, walitegemea visima.

Kutoka Malindi ni kilomita 16 hivi. Panda matatu ya Watamu au ya Mombasa, shuka Gede, kisha tembea au chukua bodaboda hadi langoni. Nenda asubuhi, kwani msitu hushika joto na mbu. Vaa viatu vya kufunika vidole maana njia zimejaa mizizi, na usishike ndizi mkononi: tumbili na kima wa pale wamezoea watu.

Karibu na lango kuna kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria. Mara nyingi huandikwa 1399. Kwa hesabu kamili, mwaka huo ulianza Septemba 1399 ukaisha Agosti 1400. Simama hapo kidogo. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimbua Gede kuanzia 1948 hadi 1958, alipata kwenye kaburi hili tarehe ya uhakika ya kulinganishia vigae vya vyombo na kuta za mahali pengine.

Halafu nenda Msikiti Mkuu, na kabla ya kutazama mihrabu, kile kishubaka cha imamu ukutani, tazama kisima na birika la udhu. Maji yalitekwa, yakamiminwa birikani, watu wakatawadha ndipo wakaingia kuelekea kibla, yaani upande wa Makka, ambao hapa ni kaskazini. Kisima hiki kilikuja kuchimbwa chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakishuka. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Wengine hutaja mashambulizi ya Wazimba, wengine ya Waoromo, na huenda sababu zilikuwa zaidi ya moja. Ila kwangu kisima ndicho ushahidi ambao mgeni anaweza kuuona kwa macho yake. Usiegemee ukingo wake, wala usitupe sarafu ndani.

Ndani ya nyumba, pima chumba kwa hatua. Utakuta kirefu, lakini upana wake ni mita mbili na nusu hivi tu. Sababu ni boriti. Paa lilikuwa bapa: boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe, kisha tabaka zito la chokaa. Boriti ikizidi urefu huo hupinda chini ya uzito ule. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya nchi kavu, magumu na yenye kona. Mapambo ya mihrabu yalichongwa kwa matumbawe ya baharini, ambayo ni laini yakiwa mabichi, kisha huwa magumu yakikauka. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: mkasi, taa ya chuma, sarafu za Kichina. Tafuta pia vyoo vya shimo na mahali pa kutawadhia. Watu hawa walikuwa nadhifu.

Maji yaliyoupa mji uhai ndiyo yanayoumaliza sasa. Paa likishaanguka, mvua huingia kwenye kichwa cha ukuta, ikaosha udongo na chokaa iliyo katikati ya mawe, na ukuta huporomoka wenyewe. Saruji haisaidii: ni ngumu kuliko jiwe, hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya miaka michache saruji imebaki na jiwe limemung'unyika. Chokaa hupumua, ndiyo maana matengenezo mema hufanywa kwa chokaa ya kuchomwa na kuloweshwa kwa muda mrefu. Tangu 2024 Gede imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mkono wa kila mgeni ni hatari kama mvua. Usipande ukutani hata kwa picha moja. Ukiona mche umeota kwenye kichwa cha ukuta, mwonyeshe mlinzi. Usiung'oe mwenyewe, maana mzizi ukitoka hutoka na jiwe lake.