Kutoa flenji za mbele na kufunga frii wili za mkono kwenye Hilux

Hilux nyingi za miaka ya 1990 zenye mfumo wa ADD (unaounganisha na kukata difu ya mbele wenyewe) zilitoka kiwandani na flenji, yaani kipande cha chuma kinachounganisha shafti na gurudumu muda wote, kwenye habu (vitovu vya magurudumu) za mbele. Flenji haina FREE (kuachia shafti) wala LOCK (kuiunganisha) kama frii wili, ile inayogeuzwa kwa mkono. Tairi likizunguka, shafti na sivijointi (viungo vya shafti vinavyoruhusu gurudumu kukata kona) zinazunguka nalo, hata kama gia ya 4H (magurudumu manne, mwendo wa kawaida) haijaguswa tangu gari linunuliwe. ADD hukata muunganiko upande wa difu na propela ya mbele ikapumzika, lakini sivijointi na buti zake (mipira inayozifunika) hazipati nafasi hiyo. Hii ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nifunge frii wili za mkono. Sababu ya pili kwangu ni nzito zaidi: sivijointi ikivunjika porini, nageuza habu zote mbili kuwa FREE, na gari linarudi kwa magurudumu ya nyuma bila kuburuza vipande vilivyovunjika.

Kabla sijafungua hata nati moja nilihakikisha mambo mawili. Kwanza rimu: frii wili imejitokeza nje kuliko flenji, kwa hiyo tundu la katikati ya rimu lazima liipitishe, na vile vifuniko vya urembo havirudi tena. Pili meno. Nilihesabu meno ya ndani ya frii wili mpya na kuyalinganisha na ya flenji, nikahakikisha matundu sita ya stadi (bolti zisizo na kichwa zilizo kwenye habu) yanalingana. Frii wili inayoingia kwenye shafti kwa kugongwa si ya gari hilo, irudishe dukani.

Vifaa: gasketi mpya nne (mbili za mwili, mbili za kifuniko), washa koni mpya kumi na mbili, grisi ya beringi, soketi ya mm 54 ya nati za beringi, toki renchi (spana inayopima mkazo), koleo la sirklipu (pete ya chuma inayoshika ncha ya shafti), nyundo na kipande cha shaba. Soketi ya mm 54 usiikwepe. Nati ya beringi iliyowahi kufunguliwa kwa patasi utaijua kwa kingo zilizoliwa, na haikazwi tena kwa kipimo chochote cha kuaminika.

Niliweka kabari magurudumu ya nyuma, nikavuta hendibreki, transfa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) ikiwa 2H, yaani magurudumu ya nyuma tu, nikapiga jeki upande mmoja na kuweka stendi chini ya chesesi. Nilitoa tairi, kisha kalipa, nikaifunga kwa waya kwa juu ili isining'inie kwa hozi ya breki. Kofia ya katikati ikitoka, sirklipu inaonekana kwenye ncha ya shafti. Ikigoma kufunguka, shika shafti kwa nyuma uivute nje huku unaipanua.

Kisha zinakuja zile nati sita, na hapa ndipo wengi huharibu habu. Chini ya kila nati kuna washa koni, yaani washa nene iliyochongoka kama faneli na yenye mpasuko upande mmoja. Inakaa ndani ya tundu la flenji na kuibana stadi pande zote, ndiyo maana flenji haitoki hata nati zote zikiwa mezani. Usiingize bisibisi kati ya flenji na habu ukalazimisha. Utachubua uso unaokalia gasketi, na maji yatapita hapo kila utakapovuka mto. Nilichofanya ni kulegeza kila nati mpaka uso wake ukawa sawa na ncha ya stadi, ili uzi usipondeke, nikaweka kipande cha shaba juu yake na kugonga pigo moja kavu. Washa inaruka na kugonga nati kwa ndani, tiki, nawe unasikia. Mbili ziligoma. Kwa hizo niligonga flenji ubavuni, karibu na stadi, nikizunguka, kisha nikaingiza ncha ya bisibisi nyembamba kwenye mpasuko wa washa na kuifungua kidogo. Zikatoka.

Kwa kuwa habu iko wazi, nilishughulikia beringi hapohapo. Frii wili nzuri juu ya beringi iliyolegea haidumu, kwa sababu habu inapocheza, mwili wa frii wili unapinda dhidi ya shafti na meno yanaliwa upande mmoja. Nilinyoosha masikio ya washa ya kufungia, nikatoa nati ya nje na ya ndani, nikasafisha beringi zote mbili na kuzijaza grisi mpya mpaka ikatokea upande wa pili wa roli. Kwenye kurudisha, nati ya ndani niliikaza Nm 59 (nyutonimita, kipimo cha mkazo), nikazungusha habu huku na huku mara kadhaa ili roli zikae, nikailegeza mpaka ikageuka kwa mkono, kisha nikaanza kuikaza tena kidogokidogo. Kipimo cha mwisho si cha nati, ni cha habu: fungia mizani ya springi kwenye stadi ya tairi, vuta, na usome pale habu inapoanza kusogea. Inatakiwa isome kati ya kilo 2.8 na 5.7. Nati ya nje inakazwa Nm 47, kisha unapima upya, maana mkazo wake husogeza ile ya ndani. Mwisho unakunja masikio ya washa, moja ndani na moja nje.

Sasa frii wili yenyewe. Nilifuta uso wa habu mpaka ukakauka, nikaweka gasketi mpya na kuvalisha mwili wa frii wili. Angalia stadi: nati ikikaa, uzi utokeze nje yake. Ukimezwa ndani, stadi ni fupi na lazima zibadilishwe. Unafunga nati mbili zikibanana juu ya stadi, kisha unageuza ile ya chini na stadi inatoka. Washa koni ziingie zikiwa kavu na safi. Nati sita nilizikaza kwa msalaba, kwanza nusu ya nguvu, kisha Nm 31.

Ncha ya shafti ndiyo sehemu inayosahauliwa. Shafti inaweza kurudi ndani kwa milimita kadhaa bila mtu kuona, na ikibaki hivyo, meno ya frii wili yanashika ncha tu badala ya upana wake wote. Ndani ya ncha kuna uzi. Nilitia bolti nikaivuta shafti nje mpaka ikagota, ndipo nikafunga bolti na washa yake kwa Nm 18. Habu za aina nyingine hutumia sirklipu mahali hapo, lakini kuvuta ni kulekule.

Grisi ndani ya frii wili iwe utando tu. Nilipaka kwenye meno ya habu ya ndani, basi. Ukiijaza kama beringi, kile kipande kinachoteleza kwenda kushika meno kinasukumana na grisi, kinasimama katikati, na ncha za meno zinaanza kugongana. Mlio wake ni ka-ka-ka pale unapoondoka kwenye 4L (magurudumu manne, gia nzito), na kila mlio ni chuma kinachopukutika.

Kabla ya kufunga kifuniko geuza kitasa chake kiwe FREE. Kifuniko kina vimasikio kwa ndani, navyo vinatakiwa vielekee sehemu za mwili zisizo na meno. Vikikalia meno, kifuniko hakitalala sawasawa, na anayekaza bolti ili zikivute atavunja vimasikio. Kikilala chenyewe kwa kusukumwa na kidole gumba, tia bolti sita ndogo na uzikaze Nm 10. Ni bolti za mm 6, hukatika upesi.

Nilijaribu tairi likiwa bado juu. FREE: nikizungusha habu, shafti nyuma yake imetulia. LOCK: shafti inafuata. Nikarudia mara tano, kisha nikahamia upande wa pili. Kitasa kikiwa kigumu usikishike kwa koleo. Sogeza gari nusu mita mbele au nyuma ili meno yakutane.

Habu zote mbili ziwe hali moja. Moja ikiwa LOCK na nyingine FREE, difu ya kawaida hupeleka mzunguko wote kwenye shafti iliyo huru, na mbele hakuna kinachovuta. Zote zikiwa FREE huku umeingiza 4L, nguvu yote ya gia nzito inaangukia ekseli ya nyuma peke yake, na shafti za nyuma hukatika hivyo. ADD nayo bado iko kazini: habu zikiwa LOCK na 4H imeingia lakini mbele hakuvuti, kagua mipira ya vakyumu kabla hujafungua frii wili tena.

Baada ya kilomita mia mbili nilirudi na toki renchi kwenye zile nati sita. Washa koni huendelea kuzama kidogo gari likitembea, na nati tatu zilisogea robo mzunguko kabla ya kufika Nm 31.