Siku moja maishani mwangu: fundi wa kupasua mapipa, Lubumbashi

Saa 12 asubuhi. Nina karakana ndogo ya kuchomelea huku Katuba. Watu wanadhani anayekata mapipa ya esansi (petroli) anaanza siku na moto. Mimi naanza na ndoo. Kijana wangu anachota kisimani huku akipulizia vidole, maana mwezi wa sita baridi yetu haina utani. Mimi nawasha kuni chini ya pipa la kuchemshia, kule juu karibu na barabara. Mapipa ya wateja yanalala chini, mwisho wa kiwanja. Nimeyapanga hivyo kwa makusudi: mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, haupandi kama moshi. Unashuka, unatambaa, unafuata mteremko hadi ukute mbabula (jiko la makaa) ya mtu. Upepo ukigeuka, tunazima kuni na kungoja.

Saa 1 na nusu. Mama anayeuza michopo, yaani nyama choma, amefika. Aliniachia mapipa mawili ya lita 200, anataka yapasuliwe kwa urefu yawe majiko ya kuchomea nyama.

“Jambo, Papa fundi. Yako tayari?”

“Jambo sana, Mama. Hata kuosha bado.”

“Kuosha nini tena? Hayana kitu! Niliyamwaga mwenyewe, nikayaacha juani wiki nzima.”

Maneno haya nayasikia kila mara, na ndiyo yanayoua mafundi. Pipa lililojaa esansi ndani halina nafasi ya hewa. Lililomwagwa lina hewa, na lina mvuke. Mvuke ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha kurusha kifuniko juu ya paa. Kwa pipa la lita 200, vijiko viwili vya mezani vya esansi vinatosha kufikisha kiwango hicho, na vijiko viwili vinajificha vizuri tu kwenye mkunjo wa chini au nyuma ya magamba ya kutu. Jua nalo halimalizi kazi. Linakausha unachokiona, kisha linaendelea kuchemsha kilichojificha. Na baridi haisaidii: esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ambazo Katanga hatutaziona.

Pua pia siiamini, kwa sababu inazoea harufu baada ya dakika chache. Wako mafundi wanaotupa kiberiti kilichowaka ndani ya pipa, eti kupima. Hicho si kipimo, ni bahati nasibu.

Mama amesikiliza, amekunja uso, amesema atarudi jioni.

Saa 2 hadi saa 6. Kuosha. Hapa ndipo siku inapokwenda.

Mapipa ya chuma tunayaosha kwa maji ya moto na soda kostiki, ile wanayotumia watengeneza sabuni. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, maji yakiwa bado ya baridi. Ukimwaga maji juu ya soda inaweza kuchemka na kukurukia usoni. Kijana amevaa miwani na glavu ndefu. Juzi alilalamika kwamba miwani inaingia ukungu. Nikamwambia avumilie ukungu, macho hayauzwi sokoni. Tunalaza pipa, tundu likiwa juu na wazi, tunalitikisa kushoto na kulia, tunamwaga kwenye shimo lililo mbali na kisima, tunarudia. Halafu tunasuuza kwa maji hadi yafurike, mafuta yaliyoelea yatoke yenyewe.

Katikati ya kazi dereva mmoja wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ameleta tangi la lori lililopata ajali. Analitaka likatwe liwe beseni la kunyweshea bustani ya mke wake. “Hili ni la mazutu, kaka, si esansi. Pitisha shalumo tu tumalize.”

Mambo mawili. Kwanza, ni kweli mazutu, yaani dizeli, haiwaki upesi. Inahitaji joto la nyuzi 55 hivi ndipo mvuke wake ushike moto. Lakini shalumo, ule mwali wa gesi wa kukatia chuma, inapasha bati mamia ya nyuzi, na tangi la lori lina kuta ndani za kuzuia mafuta yasiyumbe. Nyuma ya kuta hizo kuna tope jeusi. Likipata joto linageuka mvuke, na hapo mazutu na esansi ni ndugu.

Pili, nimetoa sumaku yangu, niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nikaibandika ubavuni mwa tangi. Imeteleza, ikaanguka mavumbini. Alumini. Kijana alikuwa tayari amebeba ndoo ya soda, nikamsimamisha. Soda kostiki inakula alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayowaka kirahisi kuliko hata huo mvuke tunaoukimbia. Ungekuwa unaosha hatari moja huku unatengeneza nyingine. Tangi la alumini ni sabuni ya vyombo, maji ya moto na subira. Nimemwambia dereva: kesho. Hakufurahi.

Saa 7. Bukari (ugali) na sombe (kisamvu). Dakika ishirini, basi.

Saa 8. Tumesimamisha pipa la kwanza, tumelijaza maji hadi vidole vitatu chini ya mstari nitakaokata, matundu yote wazi. Maji yanachukua nafasi ambayo mvuke ungekaa. Kufungua mfuniko natumia tindo na nyundo, siyo diski ya mashine ya kukatia. Diski ni chemchemi ya cheche. Mfuniko umetoka salama.

La pili limenikatalia. Tindo ilipozama mara ya kwanza, maji yakaruka kidogo, na juu yake nikaona utando mwembamba wa rangi za upinde wa mvua ukizunguka. Mafuta bado yamo. Nimeweka nyundo chini. Tumemwaga, tumechemsha tena, tumeosha tena. Kijana hakusema kitu, ila alibeba ndoo kwa kishindo.

Saa 10. Mapipa yote mawili hayana mifuniko. Sasa mkono unaingia, burashi inafika kila mkunjo, mwanga wa mchana unaonyesha kila kitu. Tumeyasugua, tumeyafuta, tumeyaacha yapigwe na upepo. Hapo ndipo diski ikatoka kabatini. Kuyapasua kwa urefu kumechukua muda mfupi kuliko kula bukari.

Saa 11 jioni. Mama amerudi na mkokoteni. Nimemweleza kwamba mara ya kwanza awashe makaa mengi bila nyama, nje, mbali na watoto, rangi na lake (vanishi) ya ndani iungue iishe, kisha ayasugue tena. Akauliza kwa nini nimemtoza zaidi ya fundi wa jirani, ambaye anakata pipa papo hapo.

“Yeye anakuuzia kukata, Mama. Mimi nakuuzia maji.”

Amecheka, akalipa pungufu kidogo, akasema salio ataleta kwa michopo. Nimekubali. Dereva naye amepiga simu: anataka tangi lake saa 3 asubuhi. Nimemwambia saa 9 alasiri, na aje na jerikeni zake za maji.